Tamasha letu la karne ya 16 Mji wa Kale halipati watu wa kutosha: naomba ushauri

Mwandalizi wa Kibokoni:

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mmoja wa watu saba tunaoandaa tamasha dogo la siku mbili hapa Mji wa Kale, Mombasa, lenye nia ya kuwarudisha watu katika karne ya 16: zama ambazo vyombo vya Gujarat na Yemen vilikuwa vikitia nanga Bandari ya Kale, mitepe, yaani majahazi ya kale, ikishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na Wareno wakaingia na mizinga yao. Fikra hii ilitujia baada ya mwenzetu mmoja kutusimulia habari za tamasha za Renaisansi zinazofanywa Marekani, ambako watu huvaa mavazi ya Ulaya ya miaka mia nne au mia tano iliyopita, wakashinda kutwa nzima katika kijiji cha kuigiza. Tukajiuliza kwa nini sisi, tunaopita kila siku chini ya kuta za Ngome ya Yesu, tusiwe na tamasha letu. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi mzaliwa wa Milan, na UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 ilieleza kwamba umbo lake, linalofanana na mtu aliyelala chali, linatokana na imani ya Renaisansi kuwa ulinganifu kamili umo katika mwili wa binadamu. Basi zama hizo zina jiwe lake hapa hapa kwetu, na watoto wetu wanaliona wakienda chuoni.

Tunatumia uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba, si mbali na bahari. Tunakuwa na fundi wa kuchonga milango, washona kofia, meza tatu za bao, kirumbizi (ngoma ya kuchezea fimbo) jioni, na mchezo wa kuigiza wa nusu saa kuhusu ujenzi wa Ngome. Kiingilio ni shilingi 300 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto, nasi hufungua saa tatu asubuhi na kufunga magharibi. Mwaka wa kwanza tulipata watu wapatao mia mbili kwa siku zote mbili. Mwaka wa pili tulikaribia mia tatu, tukafurahi sana. Mwaka huu tumerudi kule kule kwenye mia mbili. Ni kweli kwamba tulifanya mwanzoni mwa Mei na mvua ikatunyeshea, na ni kweli pia kwamba mwenye kutukodisha mahema, ambaye tulikuwa tumekubaliana afike alfajiri, alifika baada ya adhuhuri, wachuuzi wakiwa wamejibanza na bidhaa zao chini ya mwembe mmoja. Hata hivyo siamini kwamba mvua na mahema peke yake ndiyo sababu, kwa kuwa siku ya pili kulikuwa na jua zuri na bado uwanja ulikuwa mtupu mpaka alasiri.

Tumebakiwa na shilingi elfu sitini za kuanzia mwaka ujao. Katika kamati, baadhi yetu wanataka tumlipe mwimbaji mwenye jina aimbe usiku wa Jumamosi, wengine wanataka fedha zote ziende kwenye matangazo ya redio na mabango, na mmoja anasema tupunguze kiingilio kwa nusu. Mimi sijaridhika na lolote katika hayo matatu, lakini sina hoja ya kutosha ya kuyapinga. Naliogopa zaidi lile la mwimbaji, kwa sababu nadhani watu watakuja saa mbili usiku kumsikiliza na kuondoka bila hata kumtazama fundi wa milango. Mwenye uzoefu wa kukuza tamasha ndogo, la aina yoyote, naomba anisaidie.

Mwalimu wa Tononoka:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, ila kuna jambo moja hukulitaja. Je, pale mlangoni mliwauliza watu wamelijuaje tamasha, au wamekuja kwa ajili ya nani? Nauliza kwa sababu, katika miaka yangu ya kuandaa siku za wazazi na maonyesho ya wanafunzi, nimeona kwamba mtu wa Mombasa haji mahali kwa kuwa amesoma bango. Huja kwa kuwa mwanawe, mpwawe au jirani yake atasimama mbele za watu.

Nitakupa mfano wa karibu. Mwaka juzi niliwafundisha wanafunzi wangu wa darasa la tano kutengeneza kamali, chombo ambacho manahodha wa Bahari ya Hindi walikitumia kupima urefu wa nyota kabla na baada ya kuja Wareno. Ni kibao kidogo cha mstatili, kimetobolewa katikati na kutiwa uzi uliopigwa mafundo. Baharia huushika uzi kwa meno, akakisogeza kibao mbele au nyuma mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uiguse nyota, kisha akatazama ni fundo la ngapi lililo mdomoni. Tulitumia makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni na uzi wa kushonea magunia, tukaenda kando ya bahari, pale Mama Ngina, jioni. Mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake, alisimama na uzi katikati ya meno na jicho moja amelifumba kwa dakika nzima, hataki kusemeshwa, mpaka alipopata kipimo cha meli ya makasha iliyokuwa ikiingia mlangoni kuelekea Kilindini. Nikawaeleza kwamba hapa tulipo, takriban digrii nne kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa, na kwamba nahodha aliyetoka Mombasa kwenda Arabuni alianza kuiona alipokwisha kuivuka ikweta, ikawa inapanda kidogo kidogo kila alivyozidi kwenda kaskazini. Ndiyo maana kipimo cha nyota hiyo kilimwambia yuko wapi.

Juma lililofuata wanafunzi arobaini waliwaonyesha wazazi wao. Hatukubandika bango hata moja. Walikuja wazazi, nyanya, na kaka wakubwa, zaidi ya watu mia moja, na wengi wao walitaka kujaribu wenyewe.

Kwa hivyo shauri langu ni kwamba ziendee skuli tatu au nne zilizo karibu nawe mwanzoni mwa muhula, si wiki mbili kabla ya tamasha. Usiwaalike wanafunzi kuja kutazama; wape kazi ya kufanya. Kundi moja lifanye kamali, kundi jingine lijifunze kusuka kamba za makumbi, kundi la tatu liigize. Historia ya pwani imo katika mafunzo yao, na walimu wengi watafurahi kupata mahali pa kuyaonyesha nje ya darasa. Na tafadhali msirudie Mei, ambao ni mwezi wa masika. Likizo ya Agosti ni afadhali, kwani kusi huvuma, hewa ni ya baridi kidogo, na mvua si nyingi. Tazameni tu kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa Ramadhani na Maulidi hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, na tarehe iliyofaa mwaka huu huenda isifae baada ya miaka michache.

Mwandalizi wa Kibokoni:

Mwalimu, nakushukuru sana. Daftari tulikuwa nalo, na binti aliyekaa mlangoni aliandika jibu la kila aliyekubali kuulizwa, lakini hatukuwahi kukaa tukalihesabu. Nimelihesabu jana usiku. Zaidi ya nusu ya watu walijibu kwamba wamekuja kwa sababu ya jamaa aliyekuwa akiigiza, akiuza, au akicheza kirumbizi. Waliotaja redio hawakufika kumi, ingawa tangazo la redio ndilo lililotugharimu zaidi. Tena nimeona jambo lililonisikitisha: mwaka wa pili, ule uliokuwa mzuri, waigizaji wetu walikuwa ishirini na wanne, na mwaka huu tuliwapunguza wakawa kumi na mmoja ili mazoezi yawe mepesi. Tuliwapunguza waigizaji, nasi tukawapunguza watazamaji bila kujua.

Mpishi wa Kuze:

Mwanangu, hongera kwa kazi hii. Mimi nilikuja mwaka wa kwanza nikauza mahamri na mbaazi, mwaka wa pili nikaja tena, mwaka huu sikuja, na nitakwambia kwa nini.

Unafungua saa tatu asubuhi. Nani katika mji huu atakuja kusimama uwanjani saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi? Akina mama wako sokoni, Marikiti au Kongowea, kisha wanapika. Adhuhuri jua ni kali na watu wamejilaza. Mji wa Kale huamka upya baada ya swala ya alasiri: hapo ndipo watoto huogeshwa na kuvishwa, wazee hutoka barazani, kahawa hutembezwa. Mimi nilikuwa nikikaanga tangu asubuhi, mahamri yakapoa, na watu walipoanza kuja wazuri wazuri, saa kumi na moja, mkawa mnakaribia kufunga magharibi. Saa zako zote za kulipa watu na kukodisha vitu zinakwisha kabla wageni hawajafika. Fungua saa tisa, pumzika kwa magharibi, endelea mpaka saa tatu au saa nne usiku, tena weka taa. Wale wa Likoni na Kisauni wafikirie pia. Wana kivuko na matatu za kurudia nyumbani pamoja na watoto, kwa hivyo mambo makubwa yasiwe mwisho kabisa wa usiku.

Jambo la pili ni wanawake. Uwanja wenu hauna mahali ambapo mwanamke mwenye mtoto mchanga anaweza kukaa. Palikuwa na mabenchi mawili na yalijaa wacheza bao. Tandikeni mikeka upande mmoja, wekeni pazia, mpate mwanamke wa kupaka hina na mfuma kofia wa kike wa kufundisha wasichana, na mtaona kwamba mama mmoja akikaa vizuri huwaita wenziwe watano kwa simu pale pale. Mama akiondoka, watoto wote huondoka naye.

Sasa chakula, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mnasema ni karne ya 16, lakini mlituacha kila mtu auze anachouza siku zote. Sisemi mviondoe viazi karai, maana watu watanuna. Ila mahindi, muhogo, viazi, nyanya, pilipili kali, nanasi na korosho asili yake vyote ni Amerika. Vililetwa kwetu na Wareno au vilikuja baada yao. Mombasa iliyowaona Wareno kwa mara ya kwanza ilikula mtama, wimbi, mchele, nazi, ndizi, samaki, tende na asali, na ukali wa chakula chake ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi. Mimi naweza kuwapikia sinia la kale: wali wa nazi, samaki wa kupaka bila nyanya wala pilipili mbichi, na mkate wa mofa wa unga wa mtama. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Ule unga uliochachuka kidogo unaupaka kwa kiganja kwenye ukuta wa ndani wa mofa, lile tanuri la udongo, iliyokwisha kushika moto, unaondoa mkono upesi, na mkate unajishika wenyewe pale ukutani. Ukiiva unaanza kujibandua ukingoni, na hapo usipouwahi unaangukia kwenye makaa. Watoto wa siku hizi hawajauona. Watu watapanga mstari kuutazama tu, kisha watanunua.

Kuhusu kiingilio, shilingi 300 si nyingi kwa mtu mmoja, lakini baba mwenye mke na watoto wanne anapiga hesabu anapata elfu moja kabla hajanunua hata kikombe cha uji. Wekeni tiketi ya nyumba nzima, mathalani shilingi 500, wawe wangapi wawe. Mtakachokipoteza mlangoni mtakiona kwenye sinia zetu, na sisi wachuuzi tukipata tutalipia nafasi zetu kwa moyo mkunjufu.

Mrudi Nyumbani:

Salaam kwenu nyote. Nimeishi Marekani miaka kadhaa, katika jimbo la Maryland, na misimu miwili nilifanya kazi kwenye banda la mfinyanzi katika tamasha la Renaisansi la huko. Sasa nimerudi na ninaishi Nyali. Nitaeleza niliyoyaona na ninayoyajua, kwa kuwa mengi yanakubaliana na ya Mwalimu na ya Mama.

Tamasha la kwanza la aina hii lilifanywa mwaka 1963 huko Los Angeles na mume na mke, Ron na Phyllis Patterson. Phyllis alikuwa mwalimu, na kabla ya hapo alikuwa akiwafundisha watoto michezo ya kuigiza uani kwa nyumba yao, mtaa wa Laurel Canyon. Wazo likakua kutoka kwa wale watoto na majirani, na tamasha lenyewe likafanywa kuichangia fedha redio ndogo ya jamii, KPFK. Ninalipenda sana jambo hili, maana tamasha ambazo leo huvuta umati zilianzia kwenye ua wenye watoto wanaojifunza, wala hazikuanza na jukwaa kubwa. Lile la Texas, lililoanzishwa mwaka 1974, sasa hupokea mamia ya maelfu ya watu kwa msimu mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila fedha nyingi. La kwanza ni kwamba wao hawafanyi siku mbili tu. Hufanya mwisho wa juma, kisha mwisho wa juma unaofuata, na kuendelea hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo. Mvua ikiharibu Jumamosi moja, msimu haujaharibika. Na muhimu zaidi, aliyekuja Jumamosi ya kwanza ana wiki nzima ya kuwasimulia wenziwe, nao bado wana nafasi ya kuja. Tamasha lenu linakwisha siku ile ile habari zake zinapoanza kuenea. Siwaambii mfanye wiki nane. Nasema badala ya Jumamosi na Jumapili moja, fanyeni Jumamosi tatu zinazofuatana, na gharama haitapanda sana ikiwa mahema mtakuwa nayo yenu. Nunueni turubai na nguzo za mikoko kwa hizo elfu sitini, mshone wenyewe, na hamtamngoja mtu tena.

La pili ni hadithi. Tamasha la Maryland linahusu enzi ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, na hadithi yake husonga mbele mwaka hadi mwaka. Mtu aliyemwona mfalme akioa mwaka huu hutaka kurudi mwaka ujao aone imekuwaje kwa malkia yule. Nilikutana na familia ambazo zimekuja miaka kumi na zaidi, na watoto wao waliokuwa wakibebwa mgongoni sasa wamevaa mavazi na kuigiza. Ninyi mmeigiza ujenzi wa Ngome miaka mitatu mfululizo. Jirani aliyeuona mwaka wa kwanza ana sababu gani ya kulipa tena?

Tena wavisheni wageni. Mtu akivaa, hatoki upesi. Kuweni na sanduku la mavazi mlangoni, ya kukodisha kwa shilingi chache: kofia za Kireno zenye unyoya, kanzu, joho, panga za mbao. Vijana watataka kupigwa picha wakiwa manahodha wa Kireno, na picha zile ndizo zitakazowaletea wengine.

Mzee wa Ndia Kuu:

Wanangu, nimewasoma kwa makini, na mengi mliyoyasema ni ya maana. Lakini huyu kijana aliyerudi kutoka Maryland amenigusa mahali mwishoni, nami nitasema bila kuficha. Mimi sijawahi kuingia katika tamasha hilo, ingawa nasikia ngoma yake nikiwa barazani kwangu, na wapo wazee wenzangu ambao hawajaingia kwa sababu hiyo hiyo. Tulisikia kwamba mnaigiza Wareno wakijenga Ngome, nahodha amevaa vizuri anatoa amri, na vijana wetu wanabeba mawe. Tukasema hilo ni tamasha la Mreno, basi Mreno na alitazame.

Msidhani ni chuki ya bure. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji huu, akaupora na kuuchoma. Sultani wa Mombasa alimwandikia mwenziwe wa Malindi kumweleza yaliyoufika mji, na barua hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya Wareno wenyewe. Mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, akauteka tena, na walipoondoka mwaka uliofuata wakauacha ukiungua. Mwaka 1589 zikaja meli za Wareno kutoka Goa kumfuata Mir Ali Bey, amiri wa Kituruki ambaye watu wa mji walikuwa wamempokea awasaidie, na wakati huo huo Wazimba, kundi la wapiganaji, wapo upande wa bara wanangoja kuvuka Makupa waingie kisiwani. Mji ulioungua mara tatu na ukajengwa mara tatu kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti una hadithi ya kusimuliwa. Ngome yenyewe ilikuja baada ya hayo yote, na ilikuja kwa sababu mji haukutaka kutulia.

Kwa hivyo, Mwandalizi, ikiwa unataka watu wa Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze na Mkanyageni waje, wape nafasi ya kuwa wenyeji katika hadithi yao. Waendee wazee wa Miji Kumi na Miwili, yaani zile koo za Waswahili wa Mombasa, na mikono mitupu, uwaombe ushauri kabla hujaandika neno moja la mchezo. Mzee aliyeulizwa atakuja na wajukuu wake wote, na asiyeulizwa atawaambia wasiende. Sisemi Mreno asionekane. Alikuwepo, na hata lugha yetu imebeba maneno yake, meza na bendera na leso na gereza. Namwomba tu asiwe yeye anayetupokea mlangoni.

Mrudi Nyumbani:

Shikamoo, Mzee. Umenirekebisha, nami nakubali. Huko nilikokuwa, mavazi ya mfalme ni ya mfalme wao, na sikufikiria vya kutosha kwamba hapa nguo ile ile ina uzito mwingine. Ila naona kwamba hadithi uliyoisimulia ndiyo hasa niliyokuwa nikiitafuta. Ukizipanga tarehe zako, kila mwaka wa tamasha unapata sura yake: 1498, kisha 1505, kisha 1528, 1589, 1593, halafu 1631 Sultani Yusuf bin Hasan alipoingia Ngomeni na kuwageukia Wareno, mpaka 1696 hadi 1698 Waomani walipoizingira. Hiyo ni misimu saba bila kurudia.

Mzee wa Ndia Kuu:

Marahaba, mwanangu. Anzeni na 1498 basi. Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji huu mwezi wa Aprili, na usiku watu wetu wakaogelea kimya kimya mpaka kwenye meli zake wakaanza kukata kamba za nanga. Mabaharia mwanzoni walidhani ni samaki wakubwa wanaotikisa maji. Hilo limeandikwa katika shajara ya safari ile, na sijawahi kuliona likiigizwa. Lifanyeni usiku, kwa taa chache.

Tena mkitaka kuandamana na ngoma kutoka mtaani mpaka uwanjani, pelekeni taarifa kituo cha polisi mapema. Sheria inataka isipungue siku tatu wala isizidi siku kumi na nne kabla ya maandamano. Nimeona mambo mazuri yakizuiwa njiani kwa kukosa karatasi moja.

Mwandalizi wa Kibokoni:

Wazee wangu, Mama, Mwalimu na ndugu yangu wa Nyali, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kukaa na kamati, na jana tumekaa mpaka usiku.

Tumekubaliana hivi. Mwimbaji hatumlipi, na tangazo la redio tumeliacha. Tutaomba tu kusema habari zetu katika kipindi cha jioni, wakikubali. Tarehe itakuwa Jumamosi tatu za Agosti baada ya kutazama Maulidi yanaangukia wapi, kuanzia saa tisa mchana hadi saa tatu usiku, na mapumziko ya magharibi. Fedha zinakwenda kwenye turubai, nguzo na taa. Tiketi ya nyumba ni shilingi 500. Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa idadi ya washiriki, kwa kuwa mwenzetu anayesimamia mazoezi aliogopa, na ni haki yake kuogopa, kwamba hawezi kuwafundisha watu sitini. Tumemaliza kwa kuwagawa: waigizaji wenye maneno watakuwa kumi na wawili tu, na waliobaki watakuwa watu wa mji, wasuka kamba, wavuvi, wauza maji, watoto wenye kamali, kila kundi na kiongozi wake na mazoezi yake mtaani kwake.

Mzee, nitakuja barazani kwako Jumapili baada ya alasiri, ukiniruhusu, pamoja na kijana anayeandika mchezo, kabla hajaanza kuandika. Mama, uliniambia bibi yako alikufundisha mofa. Je, ile mofa yenyewe bado unayo, au tumtafute mfinyanzi atufinyangie mpya? Nikipata jibu lako nitajua ukubwa wa nafasi ya kukutengea, na nitaiweka upande wa mikeka, mbali kidogo na pazia kwa ajili ya moshi.

Mpishi wa Kuze:

Ninayo, mwanangu, ila imepasuka mdomo. Mleteni mfinyanzi aitazame, apime, afanye mbili zinazolingana nayo. Moja itakuwa ya kupikia na moja iwe ya watoto kujaribu kwa unga mbichi bila moto, maana wakishaona mkate unashika ukutani watataka kutia mikono, na mimi sitaki mtoto aungue.